Chupa ya Dereva na Tenki la Fuso Yako

Mdogo wangu wa Makole, Dodoma, swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake yamo mawili. Unauliza kama Fuso yako inayobeba mahindi ya Kibaigwa kwenda Dar inahitaji ile dawa ya kuchanganya na dizeli, ambayo dereva anaidai kila anapojaza tenki. Halafu, bila kulitamka, unauliza kama dereva anakula hela yako. Hilo la pili tutalifikia.

La kwanza: kila tenki, hapana. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kweli, salfa ikiondolewa dizeli hupungua ulainishi, na wauza chupa hapo ndipo wanapokukamatia. Wasichokwambia ni kwamba kiambato cha kurudisha ulainishi huwekwa kabla mafuta hayajafika sheli. Unalipia kilichokwisha lipiwa.

Na ile ahadi ya kupunguza ulaji wa mafuta? Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imepima vifaa na viongeza zaidi ya 100 vya aina hiyo. Vichache ndivyo vilivyoonyesha nafuu, tena ndogo. Wewe fanya hesabu yako mwenyewe: bei ya chupa igeuze iwe lita. Kama inalingana na lita 8, na tenki ni la lita 200, chupa lazima ikuokolee zaidi ya asilimia 4 ndipo uanze kupata kitu. Jaza tenki pomoni, nenda na urudi, jaza tena pomoni, andika kilomita na lita. Safari kadhaa na dawa, kadhaa bila dawa, mzigo uleule. Daftari litakujibu.

Kinachoua pampu na nozeli, kwanza kabisa, ni dizeli iliyochakachuliwa. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ya kuuzwa nchini, mkaguzi akipima ajue kama yamechanganywa, au ni ya kwenda nchi jirani yaliyorudishwa sokoni kwa mlango wa nyuma. Mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, na utamu wa kuyachanganya ukapungua. Umepungua, haujaisha. Sehemu za pampu ya Fuso zinazosukuma mafuta zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Ukiingiza mafuta ya taa, chuma kinasugua chuma, na hakuna chupa itakayorudisha kilicholika. Kwa hiyo jaza sheli unayoiamini, dai risiti ya mashine ya EFD na uitunze. EWURA yenyewe, kwenye matangazo ya bei, hukumbusha kwamba risiti ni ushahidi ukiuziwa mafuta mabovu. Makao makuu yake yapo hapahapa Dodoma, huhitaji nauli ya kwenda kulalamika. Dizeli ya madumu ya kando ya barabara usiiguse, hata ikiwa nusu bei.

Adui wa pili ni maji. Mahindi yakiisha Fuso inalala nyumbani wiki kadhaa, tenki nusu. Mchana jua kali, usiku ubaridi, hewa iliyomo tenkini inatoa jasho na maji yanatuama chini. Hapo ndipo vijidudu huota kati ya maji na dizeli, unakuta ute mweusi umeziba filta. Ilaze gari tenki likiwa limejaa. Kabla haijatoka, mwambie utingo alegeze koki ya chini ya kitenganisha maji, akinge kwenye chupa ya plastiki iliyo wazi: maji yatakaa chini, dizeli juu, utayaona kwa macho yako.

Dawa ina kazi yake, siikatai. Ya kuua vijidudu inafaa gari likilala muda mrefu, au ute ukishaonekana. Ya kusafisha nozeli inaweza kusaidia zikiwa zimeanza kuchafuka, ila nozeli iliyolika haiponi kwa dawa. Mpelekee fundi wa pampu azipime kwenye mashine: inatakiwa zipulize ukungu, zisidondoshe matone. Ile ya kuzuia dizeli isigande waachie wa nchi za theluji. Baridi yetu ya Julai inatuvalisha makoti, dizeli haina habari nayo. Na kama dereva anakuonyesha moshi mweusi, anza na filta ya hewa. Kwa vumbi la Dodoma!

Sasa dereva. Huenda ni mkweli, kafundishwa na fundi kijiweni. Huenda pia dizeli inauzwa njiani na chupa ni pazia la kufunika ulaji mkubwa. Usimtuhumu kabla ya daftari. Mwambie, "Kaka, kuanzia sasa tunaandika kilomita na lita kila safari, na chupa nanunua mimi." Mkweli atashika kalamu.

Chupa mliyokwisha nunua, kama ni ya kusafisha nozeli, itumieni kwa kipimo kilichoandikwa, bila kuzidisha. Safari hiyo mpe dereva filta ya akiba, maana uchafu ukibanduka unakwenda kuziba filta, na usiku huko njiani Gairo filta inauzwa kwa bei anayoitaka mwenye duka.