Maradhi ya Tatu



Katika darsa zetu za usiku tumekuwa tukisoma khabari za matabibu wa Kiislamu, na sasa tumefika kwa Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, yaani 934 Miladia. Alitokea upande wa Balkh, mji ulioko katika Afghanistan ya leo, akatunga kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza ni ya mwili: chakula, maji, usingizi na makao. Ya pili ni ya nafsi: hasira, khofu, huzuni na wasiwasi. Humo aliwalaumu matabibu wa zama zake kuwa huandika juu ya mwili peke yake, ilhali mwanaadamu ni mwili na nafsi pamoja, na kimoja kikiugua cha pili hakikosi taabu. Huzuni aliigawa mafungu mawili: ile ambayo mwenyewe aijua sababu yake, kama kufiwa au kupotewa na mali, na ile inayomshika mtu asijue imetoka wapi. Ya kwanza aliona hutibiwa kwa maneno na fikra. Ya pili asili yake aliiona imo mwilini, nayo yataka dawa. Madaktari wa leo hawaielezi kwa maneno yake, walakini ukimsikiliza daktari wa akili akizungumza utadhani amekisoma kitabu hicho.

Baada ya darsa kijana mmoja aliniuliza maneno haya ya kale yatufaa nini sisi. Nikamjibu kwa kisa, nacho ndicho ninachokiandika hapa, ingawa si kisa cha kunipamba.

Miaka kadhaa iliyopita mvuvi mmoja, katika jamaa zetu wa msikitini, alinijia baada ya sala ya Alasiri. Alikuwa na virusi vya Ukimwi, na kila mwezi akienda kuchukua dawa zake. Kila alipokwenda vilihesabiwa vidonge vilivyobaki, na vikizidi alikaripiwa. Hakuna aliyemwuliza kwa nini vyazidi. Mimi aliniambia bila ya kuulizwa: "Sheikh wangu, vidonge nawatupia samaki. Dawa ni ya mtu aliye hai." Usiku hapati usingizi, ameacha kula pamoja na watoto wake, na bahari aliyoizoea tangu utotoni haimvuti tena. Nami nikafanya nini? Nikamsomea, nikamwusia subira, nikamwombea dua, kisha nikamwambia aende nyumbani. Kusoma si kosa, wala dua si kosa. Kosa langu ni kukomea hapo.

Haikupita miezi mingi akaanza kukohoa na kutoka jasho usiku. Ikawa ni kifua kikuu. Virusi visipozuiliwa kwa dawa kinga ya mwili hushuka, na hakuna maradhi yanayowaua watu wenye virusi hivyo kuliko kifua kikuu. Basi mtu huyu alikuwa na maradhi matatu, na sote tulikuwa tukihesabu mawili.

Tazama namna yanavyofungamana. Dawa za Ukimwi ni za umri mzima. Za kifua kikuu cha kawaida ni za miezi 6: miwili ya mwanzo dawa 4 pamoja, na minne ya baadaye dawa 2. Aliyekata tamaa ya kuishi atazishikaje saa za dawa muda wote huo? Na akikatiza katikati, vijidudu hupata nafasi ya kuzoea dawa, na tiba inayofuata huwa ngumu zaidi. Huku nyumbani ametengewa kikombe na sahani! Kifua kikuu hakiambukizi kwa kikombe. Chaenda kwa hewa, kutoka kwa mwenye kukohoa, na aliyeanza dawa zinazomfaa kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache. Nimeziona nyumba zilizomtenga mtu miezi sita kamili, kisha wakashangaa kuwa hasemi na mtu.

Jambo jingine, nalo nataka walimu wenzangu walisikilize khasa, ni kuwa dawa zenyewe huweza kuigusa akili. Efavirenzi ilitumiwa na watu wengi sana Afrika Mashariki kabla ya Shirika la Afya Ulimwenguni kuitanguliza dolutegraviri mwaka 2019. Baadhi yao iliwaletea kizunguzungu, huzuni na ndoto za kutisha. Nawajua waliopelekwa kwa waganga kupungwa, wakafukizwa ubani na kuchinjiwa mbuzi, na jini lenyewe limo katika kichupa cha vidonge! Isoniazidi ya kifua kikuu, ingawa ni mara chache, yaweza kuivuruga akili. Na saikloserini, wapewayo baadhi ya wenye kifua kikuu sugu, yaweza kuleta huzuni kubwa au hata wazimu. Msomaji asinifahamu vibaya: sisemi mtu aziache dawa zake. Daktari akiambiwa mapema ana njia ya kubadilisha au kupunguza. Tena iko rifampisini, ile inayougeuza mkojo rangi ya chungwa. Hiyo hupunguza nguvu za dawa nyingi nyingine mwilini, zikiwamo baadhi ya dawa za akili. Basi ikiwa daktari wa kifua yuko mji huu, na wa akili yuko mji mwingine, na kila mmoja aandika karatasi yake asiione ya mwenzake, mgonjwa ndiye atakayelipa.

Ndiyo maana wataalamu wasema tiba hizi zikae mahali pamoja. Mtu atauliza: madaktari wa akili ni wachache, tutawatoa wapi? Jawabu lilitafutwa Uganda ya kaskazini, nchi iliyoteswa na vita miaka mingi. Daktari Ethel Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichagua vituo vya afya 30 katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader, na watu 1,140 wenye virusi na huzuni. Vikundi viliongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Katika nusu ya vituo wagonjwa walipewa mafunzo ya Ukimwi tu. Katika nusu ya pili walikaa wakaelezana yaliyo moyoni, wakafundishwa namna ya kuikabili dhiki na namna ya kujitafutia riziki ndogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya miezi 6, waliobaki na huzuni kubwa katika mafunzo matupu walikuwa 28 katika kila 100. Katika wale wa pili hakufika hata mmoja katika 100.

Na mlango wa kuingilia ni mwepisi. Muuguzi amwulize mgonjwa mambo mawili: je, katika wiki mbili hizi umekuwa na majonzi au kukata tamaa? Na je, mambo uliyokuwa ukiyapenda yamekutoka moyoni? Akiitikia, aulizwe zaidi, hata kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii mtu fikra hiyo. Zamani mgonjwa alikuwa na sababu ya kulificha hilo, kwani kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosa, mpaka Mahakama Kuu ilipohukumu Januari 2025 kuwa chapingana na Katiba. Kujiua ni haramu, hapana khilafu. Walakini aliyezidiwa na maradhi hafai kupelekwa korokoroni badala ya kwa tabibu.

Mwaka huohuo wa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na wengi waliokuwa wakikaa na wenye virusi na kuwasikiliza walipoteza kazi. Huduma zao nazo zikaanza kutiwa pamoja na za wagonjwa wengine. Jambo hili laweza kuwa la kheri, kwa kuwa mtu hatajulikana ugonjwa wake kwa mlango alioingilia. Lakini ikiwa maana yake ni foleni moja ndefu, na mbele yake mtu asiye na wasaa wa kuinua macho, huko si kuunganisha, ni kurundika.

Mvuvi wetu alipona kifua. Maswali yale mawili aliulizwa na muuguzi wa zahanati alikokuwa akinywea dawa, naye badala ya kujibu akalia. Alipatiwa tiba ya huzuni hapohapo, na dawa za virusi akazirudia. Mimi nilikwenda kumtaka radhi. Siku hizi mtu akinijia na dhiki namsomea kama kwanza, kisha namwuliza dawa gani anatumia na usingizi wake ukoje, na akinipa ruhusa naandamana naye hadi zahanati. Siri yake haitoki kwangu.

Darsa ijayo, inshallah, tutasoma aliyoyaandika al-Balkhi juu ya wasiwasi. Muuguzi huyo amekubali kuja kuzungumza nasi baada ya Isha, na upande wa wanawake utakuwa wazi. Mwenye swali asilotaka kulisema mbele za watu aliandike katika karatasi bila ya jina, alitie katika kisanduku kilicho mlangoni.