Kumsaidia Mgeni Kupata Haki Yake Wakati wa Ugonjwa

Ugonjwa wa korona ulipoenea Marekani mwaka 2020, wahamiaji wengi walipotewa na kazi. Msaada wa serikali ulikuwapo, lakini wengi wao hawakuupata. Yako mambo mawili yaliyowazuia.

La kwanza ni sheria. Mwezi wa Machi iliamriwa watu wazima wenye mapato ya kadiri wapewe dola 1,200. Lakini mume na mke walioandikishwa kodi pamoja, mmoja wao akikosa namba ya Social Security, kwa kawaida walinyimwa wote wawili. Mwezi wa Desemba sheria ilitengenezwa, na yule mwenye namba akaruhusiwa kudai fungu lake. Asiyepashwa habari, angalidaije?

La pili ni hofu. Wengi walidhani kwamba wakitibiwa watahesabiwa kuwa mzigo wa serikali, wanyimwe ruhusa ya kukaa. Kumbe, tangu Machi ilikwisha kutangazwa kwamba kupimwa na kutibiwa korona hakutahesabiwa hivyo.

Serikali ya California ilipotoa dola 500 kwa watu wazima wasio na hati, iliwapa kazi ya kuwaandikisha vyama walivyoviamini wageni wenyewe.

Basi yatupasa kujifunza haya:

1. Tusiseme kwa kukisia. Tusome tangazo lenyewe.
2. Tufuatane na mgeni mpaka ofisini.
3. Tusiahidi lisilo katika sheria.
4. Tutunze siri zake.

Je, mgeni aliye jirani yako anaye wa kumsomea barua yake?