SOMO: SARATANI YA DAMU INAPORUDI

Ndugu msomaji, soma somo hili polepole, kisha umsomee na jirani asiyejua kusoma.

1. Saratani ya damu ni nini?

Katika damu mna chembe nyeupe. Kazi yao ni kulinda mwili, kama askari wanaozunguka mji usiku. Katika saratani ya damu askari wengine wameasi. Wanaongezeka bila kiasi, wala hawalindi tena. Mgonjwa hupauka, hukonda, ana homa isiyokwisha, hutoka damu puani na katika ufizi, na tezi za shingo huvimba.

2. Yaliyojulikana kwanza katika Afrika

Mwaka 1957 Denis Burkitt, mganga wa kupasua katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto waliovimba taya. Mwaka 1961 yeye na waganga wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa motokari kama kilometa 16,000, wakiuliza habari hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba ugonjwa huo unafuata nchi za joto na mvua nyingi, kama yetu ya Kasongo na Kabambare. Leo twajua kwamba malaria ya mara kwa mara, pamoja na virusi iliyogunduliwa mwaka 1964, huufungulia mlango. Basi chandarua si kitu kidogo.

Mwaka 1967 nyumba ya kuwatibu watoto hao ilifunguliwa Mulago, na dawa zikajaribiwa kwa uangalifu. Wengi walipona. Lakini kwa wengine ugonjwa ulirudi, kama magugu ambayo mzizi wake umebaki.

3. Askari waliofundishwa

Mwasi huvaa nguo za wenyeji, kwa hiyo askari wazuri hawamtambui. Waganga wakafikiri: tuwafundishe alama yake. Hutoa damu ya mgonjwa, huchagua askari hodari, huwatia fundisho jipya ndani, huwazidisha, kisha huwarudisha katika mshipa wa mgonjwa yule yule.

Mwaka 2012 huko Philadelphia, Marekani, Emily Whitehead, mtoto wa miaka sita ambaye saratani yake ilikuwa imerudi mara mbili, alitibiwa hivyo. Homa kali ilimshika karibu afe, kwa maana vita ilikuwa kubwa mwilini. Waganga walimpa dawa ya kuituliza, akapona.

4. Kujaribu dawa maana yake nini?

Si kuchezea watu. Kwanza dawa hupewa wachache, kuona hatari yake. Kisha wengi zaidi, kuona faida yake. Mema na mabaya yote huandikwa. Mgonjwa huelezwa kwa lugha anayoifahamu. Akikataa, bado hutunzwa.

Katika jaribio moja wagonjwa 75, watoto na vijana, walipewa askari hao. Baada ya miezi mitatu, saratani haikuonekana tena kwa 81 katika kila 100. Lakini mwaka ulipotimia, ni karibu nusu tu waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi. Mwaka 2017 serikali ya Marekani iliikubali dawa hiyo. Bei yake ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja.

5. Yatupasa nini sisi?

Matibabu hayo hayapo Kasongo wala Kabambare. Mtu akikuletea chupa na kusema, "Ndiyo hii," usimpe fedha yako. Askari hao hutengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, hawauzwi sokoni.

Lakini usikate tamaa. Mtoto akivimba taya, meno yakilegea, au jicho likitokeza, usingoje mavuno, wala usimpeleke kung'olewa jino tu. Uvimbe huu hukua kwa siku, si kwa miaka. Mlete hospitali juma hili hili. Dawa za kawaida huponya watoto wengi, zikianzwa mapema na kumalizwa.

Mama, baba, sikieni neno hili. Baada ya sindano za kwanza uvimbe huweza kutoweka, nanyi mtasema, "Amepona, twende shambani." Hapo ndipo wengi hupotea. Mwasi mmoja aliyebaki atazaa jeshi. Kaeni mpaka mganga aseme, "Imekwisha."

Maswali

1. Kwa nini askari wazuri hawamtambui mwasi?
2. Mgonjwa ana haki gani dawa inapojaribiwa?
3. Utafanya nini ukiona taya la mtoto limevimba?
4. Kwa nini tusiache dawa uvimbe ukiisha?