Kusoma Saa za Tiketi ya Safari Ndefu

Tuseme tiketi yako ya Nairobi kwenda New York inasema unaondoka 23:00 na kutua 07:00. Ukitoa harakaharaka unapata saa 8, muda usiotosha hata kufika London. Angani utakaa saa 15. Kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji wake, kwa hiyo kabla ya kutoa, zirudishe zote mbili kwenye saa ya mji mmoja. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 kuanzia Machi hadi mapema Novemba, na saa 8 miezi iliyobaki, maana Wamarekani husogeza saa zao, sisi hatusogezi. Basi kama unasafiri Julai, 07:00 ya kule ni 14:00 ya Nairobi. Hesabu sasa toka 23:00.

Anayekuja kukupokea mwambie "saa moja asubuhi". Ukisema "saa moja" tu, na yeye ameishi Marekani miaka mingi, anaweza kuja saa saba mchana.

Umbali unaweza kuupima mwenyewe. Ramani ya ukutani haifai, kwani imetandaza kitu cha mviringo. Chukua tufe la dunia na uzi, uuvute sawasawa kati ya miji hiyo miwili. Utapita Chad, Algeria na Moroko kabla ya kukata Atlantiki. Kisha ulaze uzi huo juu ya mstari wa ikweta usome digrii zake: ni kama 106. Kila digrii ni kilomita 111, kwa hiyo unakaribia kilomita 11,800.

Ndege kubwa ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na ushee. Ongeza nusu saa ya kujikokota uwanjani, kupaa na kushuka. Kinachobaki ni upepo: huko juu, kaskazini mwa tropiki, huvuma kutoka magharibi, unamkabili anayekwenda Marekani na kumsukuma anayerudi. Ndiyo maana Kenya Airways, ilipoanza safari hii ya moja kwa moja Oktoba 2018, ilitangaza kama saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Ukipitia Doha, kilomita zinafika 14,000 hivi, lakini nyongeza hiyo ni kama saa mbili na nusu tu za kuruka. Kinachokula siku ni kungoja ndege ya pili. Mimi nisingekata tiketi yenye pengo la chini ya saa mbili, hata iwe rahisi namna gani.

Halafu angalia tarehe. Tiketi ikisema Jumanne 00:30, huo ni usiku wa kuamkia Jumanne. Uwanjani unatakiwa Jumatatu, saa tatu na nusu usiku.