Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo la Utalii na Maji Unguja



Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika somo hili tujiulize: je, mwenyeji wa Zanzibar anapona? Mwaka 2022 visiwa hivyo vilipokea wageni zaidi ya 548,000; mwaka 2024 walizidi 736,000. Utalii umeleta ajira, soko la samaki na mboga, na fedha za kigeni. Hata hivyo, maendeleo endelevu hayapimwi kwa idadi ya wageni tu. Ni yale yanayokidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja kesho.

Tuchukue mfano wa maji. Mashariki mwa Unguja ardhi ni ya mawe ya matumbawe. Mvua hupenya chini, na kwa kuwa maji yake ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu ya maji ya chumvi. Pampu zikivuta kuliko mvua inavyorudisha, chumvi hupanda. Mabwawa ya kuogelea, bustani na ufuaji wa mashuka hutumia maji mengi, na mara nyingi chanzo ni kile kile kinachotegemewa na kijiji. Hivyo, kisima kilichochimbwa kwa michango kinaweza kuharibika hata kama kamati yake inakitunza vizuri. Maji machafu nayo hupita upesi katika mawe hayo hadi visimani na baharini.

Njia nyingine ipo. Kisiwa kidogo cha Chumbe, ambacho matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, kina nyumba 7 tu za wageni. Mapaa yake hukinga maji ya mvua, na vyoo vyake vya mboji havihitaji maji ya kusukumia. Waliokuwa wavuvi walifundishwa kuwa walinzi, na mapato ya wageni husaidia wanafunzi kwenda kujifunza huko.

Maswali ya kujadili:

1. Nani mwingine anavuta maji jirani na kisima chetu, na kiasi gani?
2. Maji machafu ya hoteli na ya kijiji yanaishia wapi?
3. Vijana wetu wamepata kazi gani, na mafunzo gani?

Tunashauri kila kamati iyajibu maswali haya kikaoni kabla ya kupitisha ombi la kisima kipya, na wafadhili waombe kuyaona majibu.