Kumtambua Mjuzi wa Ndani: Mfumo wa KenyaEMR katika Kaunti za Migori na Homa Bay

Utangulizi

Kiswahili hutofautisha mtaalamu na mjuzi. Neno la kwanza lina asili ya Kiarabu, katika mzizi unaohusu elimu na kujifunza. La pili linatokana na kitenzi jua. Katika taasisi zinazotumia programu za kompyuta, tofauti hii si ya msamiati tu. Mwenye cheti anaweza kuwa mtaalamu, ilhali anayejua mfumo ulivyokwama jana na ulivyokwamuliwa ni mtu mwingine kabisa. Makala haya yanadai kuwa mjuzi wa ndani hatambuliwi kwa cheo bali kwa maswali ambayo wenzake humwuliza.

Msingi wa kinadharia

Mwaka 1966 Michael Polanyi alieleza kuwa kuna maarifa fiche, ambayo mwenye nayo hawezi kuyaweka yote katika maneno. Maarifa ya aina hii hayapatikani katika miongozo. Sharti atafutwe mwenyewe.

Mwaka 1998 David McDonald na Mark Ackerman walichapisha utafiti kuhusu kampuni moja iliyounda programu za tiba. Walibainisha hatua tatu: kuwatambua wajuzi, kumchagua mmoja wao, na kutafuta njia nyingine msaada wa kwanza usipofaa. Waundaji programu katika kampuni hiyo walizoea kumwendea kwanza aliyeubadilisha msimbo mwisho, kwa kuwa kumbukumbu zake zilikuwa bado mbichi. Aidha, walikuwepo watu waliotegemewa kwa kujua nani anajua nini. Mtu kama huyo anaweza kuitwa mwelekezi.

Hali ya Migori na Homa Bay

KenyaEMR ni mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika mwaka 2012 katika huduma za Virusi vya Ukimwi. Umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoasisiwa mwaka 2004, na hutumika katika vituo vya afya vya kaunti hizi mbili. Hapa waundaji wa programu hawako chumba cha pili. Kwa kituo cha kisiwani, kama Mfangano, fundi wa kutoka bara huvuka ziwa kwa boti. Hivyo basi, mjuzi wa kwanza huwa muuguzi, afisa wa tiba au karani wa rekodi.

Mjuzi huyo akihamishwa, ujuzi wake humfuata. Rekodi isipofunguka, foleni hurefuka. Mgonjwa aliyekosa kurudi kuchukua dawa anaweza kupita bila kuonekana.

Njia za kumtambua

Kwanza, kituo kiwe na daftari la maswali: swali, tarehe na jina la aliyelitatua. Majina yanayojirudia ndiyo yanayotafutwa.

Pili, OpenMRS huhifadhi jina la aliyeingiza rekodi na la aliyeibadilisha. Kumbukumbu hizi hufanana na kanuni ya waundaji programu iliyotajwa, lakini zina kasoro: huonyesha aliyefanya kazi nyingi, wala si lazima awe anayeielewa. Zaidi ya hayo, zikigeuzwa fimbo ya kuwaadhibu wafanyakazi, hakuna atakayekiri tatizo.

Tatu, mwelekezi atambuliwe rasmi.

Hata hivyo, kumtambua mjuzi bila kumpunguzia kazi ni kumwadhibu kwa ujuzi wake. Apewe muda na msaidizi wa kumrithi, naye msaidizi ajifunze kwa kutenda akiwa kando yake.

Nafasi ya Kiswahili

Maelekezo ya mfumo yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali katika kaunti hizi husikika Kijaluo, Kikuria, Kisuba na Kiswahili. Mjuzi anayehamishwa kutoka Homa Bay hadi Kuria huhitaji lugha ya pamoja ya kuwafundishia wenzake. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi: kuyakusanya maneno ambayo wafanyakazi tayari huyatumia, kuyasanifu, na kuyaandika pamoja na majibu ya daftari.

Hitimisho

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa taasisi, kutojua nani anaulizwa ndiko kwenye hasara. Daftari na kalamu vyatosha kuanzia, mradi daftari lisomwe kabla barua ya uhamisho haijafika.