Hakuna Mmea Unaokula Sumu Ikaisha

Barua za safari hii ni nyingi. Nimechagua zinazonikera na zinazonitia hofu. Anayetaka kujua botania ni nini atafute kitabu cha kidato cha tatu, kinatosha.

SWALI: Nipande mmea gani ili uondoe sumu kwenye udongo wangu? (Barua za Geita, Chunya, Migori na Lubumbashi zimeuliza jambo hilohilo, nazijibu pamoja.)

JIBU: Mmedanganywa, na aliyewadanganya anauza miche. Video zinazunguka kwenye simu zikionyesha alizeti "inayokula" zebaki. Sikilizeni vizuri. Dizeli ikimwagika shambani, vijidudu wanaoishi kwenye mizizi wanaweza kuivunjavunja hadi ikabaki hewa ya ukaa na maji. Zebaki, risasi, shaba na kadimiamu hazivunjiki. Hizo ni elementi. Mzizi ukizinyonya, zinabaki humo mzizini au zinahamia kwenye shina na majani. Majani yakipukutika, zimerudi ardhini. Ukilifanya shina kuni, zebaki inapaa na moshi unaoingia jikoni kwako. Mmea unahamisha tu, na kazi ya mtaalamu inaanzia pale mmea unapoishia: nani atavuna, mavuno yatapelekwa wapi, nani atazuia mbuzi wasiingie.

Ipo mimea michache inayonyonya metali kwa kiasi cha kushangaza. Huko New Caledonia kuna mti uitwao Pycnandra acuminata. Ukiuchanja unatoa utomvu wa rangi ya buluu na kijani, na utomvu huo ukikaushwa, hadi robo ya uzito wake ni nikeli. Jimbi liitwalo Pteris vittata linanyonya aseniki. Watafiti walilitangaza mwaka 2001 baada ya kulikuta Florida mahali palipochafuliwa na dawa ya kuhifadhia mbao. Lakini kila mmoja una metali yake. Jimbi hilo halitamfaa mchimbaji mwenye shida ya zebaki.

Na alizeti? Katika miaka ya 1990 ilieleshwa kwenye bwawa karibu na Chernobyl, mizizi ikining'inia majini, ikanyonya vitu vya mionzi vilivyokuwa vimeyeyuka humo. Sifa zikaenea dunia nzima. Baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, Wajapani wakaipanda mashambani, kisha wizara yao ya kilimo ikapima. Ilikuwa imeondoa sehemu moja tu kati ya 2,000 ya sesiamu iliyokuwa ardhini, kwa sababu sesiamu hushikwa na udongo wa mfinyanzi na mzizi hauwezi kuibandua. Mmea ni uleule. Majini ulifaulu, udongoni ukashindwa. Kwa hiyo mtu anayekuuzia mche bila kuuliza sumu ni ipi, udongo wako ni wa aina gani na maji ya kisima yako kina gani, mfukuze.

Ndugu wa Lubumbashi, ninyi mna darasa lenu hapo nyumbani. Tanuru la shaba liliwashwa 1911, na vumbi lake likaua mimea upande uelekeao upepo, hasa eneo la Penga Penga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuifunga shaba palepale ilipo badala ya kuiondoa: wanatia chokaa na mboji, halafu wanapanda nyasi za asili zinazovumilia shaba, ili upepo usipeperushe vumbi na mvua isilibebe hadi mitoni. Nyasi inayofaa kazi hiyo ni ile inayobakiza shaba mizizini na kuacha majani yakiwa safi, yaani kinyume kabisa cha kile mnachoniomba.

SWALI: Alizeti niliyoipanda kwenye marudio ya dhahabu (mabaki ya uchenjuaji) imekomaa. Naweza kukamua mafuta na mashudu nikawapa ng'ombe?

JIBU: Hapana.

SWALI: Ni kweli kwamba sansevieria chumbani inasafisha hewa?

JIBU: Jaribio lililozaa habari hiyo lilifanywa na NASA mwaka 1989 ndani ya visanduku vilivyofungwa. Nyumba yako si kisanduku. Fungua dirisha.

SWALI: Kwa kuwa magugu maji yananyonya uchafu, kwa nini tusiyaache yasafishe Ziwa Victoria?

JIBU: Kwa sababu hakuna anayeyavuna yote. Yananyonya kweli, kisha yanakufa, yanazama, yanaoza na kumaliza oksijeni ya samaki, na kila yalichonyonya kinarudi ziwani. Mmea wa kutibu maji ni ule unaoweza kuutawala. Matete yakipandwa kwenye kitanda cha kokoto, majitaka yakipita taratibu chini yake, vijidudu walio kwenye mizizi wanafanya kazi nzuri, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa mifumo hiyo kwa miaka mingi. Jijini Kampala, mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo yamechuja majitaka ya mji kwa vizazi, bila mshahara, na watu wanazidi kuyafyeka ili walime magimbi na kujenga. Namna ya kuyaokoa mafunjo hayo ndilo swali nililotarajia kuulizwa, na hakuna aliyeuliza.

SWALI: Mwanangu ana shahada ya botania na anakaa nyumbani. Kazi ziko wapi? (Barua za wazazi, na za vijana wenyewe.)

JIBU: Kazi zipo nyingi, ajira ndizo haba, na huo ni uzembe wa waajiri. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 na ya Tanzania ya 2004 zinadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa. Tathmini inahitaji mtu anayeijua mimea. Nimesoma ripoti iliyoorodhesha miti ya milimani kwa eneo la mikoko. Mwandishi alinakili orodha ya mradi mwingine na ripoti ikapita. Mwambie mwanao ajifunze kutambua mimea barabara, kwa maua na hata kwa gome na jani lililofikichwa na kunuswa. Wenye ujuzi huo wanazeeka na nafasi zao hazijazwi.

Ajitolee kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902, ikahamishwa 1950, na ina sampuli zinazokaribia milioni moja. Huko atajifunza kwamba lebo lazima itaje rangi ya ua, kwa kuwa ua likikauka rangi inapotea, na kwamba sampuli isiyo na mahali ilipochumwa ni jani kavu tu. Kwa kufuata lebo za zamani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliurudia mwambao wa kusini wa Tanzania, wakaupata tena mti Karomia gigas mwaka 2011, mti uliodhaniwa umetoweka. Tangu hapo mbegu zake zimeoteshwa. Hiyo ni kazi, na mtu analipwa kuifanya. Zipo pia benki za mbegu, vitalu, na migodi inayotakiwa kuiponya ardhi inapofungwa.

SWALI: Kampuni imemaliza kuchimba mawe kwetu, imetugawia miche ya mikaratusi. Tupande?

JIBU: Subirini, kwanza mwone Bamburi, karibu na Mombasa. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kujaribu aina 26 za miti kwenye machimbo ya matumbawe yaliyokuwa meupe kama sahani. Mvinje ndio uliosimama, kwa kuwa mizizi yake inashirikiana na bakteria wanaovuta naitrojeni hewani. Lakini majani yake hayakuoza. Yalirundikana chini, makavu, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza mboji, ndipo miti mingine ikaweza kuota. Msitu ulikuja kwa kufuata mpangilio huo.

Na msisahau mti wa mathenge. Ulipandwa Baringo katika miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukavamia malisho, maganda yake yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wafugaji walimfikisha mbuzi kibogoyo mahakamani kama ushahidi. Mche wa bure ukiletwa, uliza jina lake kamili na umefanya nini kwingine.

SWALI: Tunaishi karibu na mahali palipokuwa kiwanda cha kuyeyusha betri. Tupande nini?

JIBU: Barua hii imenikosesha usingizi. Risasi hushikamana na udongo wa juu na mimea hainyonyi ya kutosha kuusafisha. Owino Uhuru, Mombasa, watu walipigana kortini miaka na miaka kwa ajili ya sumu hiyohiyo. Mchicha msilime hapo, hata wa kuuza. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa kavu, na uwanja wa kuchezea ufunikwe udongo safi na nyasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kilicho salama. Miche isubiri. Wiki hii wapelekeni watoto hospitali ya mkoa, mdai wapimwe risasi katika damu, na majibu myatunze kwa maandishi.